Tracee Ellis Ross kabebwa na mama yake? Jibu refu kwa aliyeuliza

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi mwigizaji Tracee Ellis Ross nimemjua kupitia ile komedi ya TV ya Black-ish na namkubali sana, juzi juzi ndio nikajua kumbe ni mtoto wa Diana Ross, yule mwanamuziki. Kumwambia shemeji yangu akacheka, akasema ndio maana, huyo kabebwa na jina la mama yake tu, kipaji hakuna. Nimebishana naye mpaka basi ila hoja sina. Naomba unisaidie, kabebwa au hakubebwa? Na kama ni mkali kweli mbona Emmy, ile tuzo kubwa ya TV ya Marekani, hajawahi kuchukua? Halafu nikitaka kumwona vizuri nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kazi yangu ni kufundisha watu kuigiza komedi na huyu dada ni mmoja wa wale ninaowatumia darasani kila mara, kwa hiyo nivumilie, nitaandika sana.

Kwanza mpe shemeji yako haki yake, maana ukibisha kila kitu atakushinda kirahisi. Ndio, kabebwa. Kazaliwa Los Angeles tarehe 29 Oktoba 1972, jina la kuzaliwa ni Tracee Joy Silberstein, baba yake Robert Ellis Silberstein alikuwa meneja wa wanamuziki, na mama ndio Diana Ross, ambaye akiwa na kundi lake la waimbaji, The Supremes, walishapata nyimbo 12 zilizoshika namba moja Marekani, halafu mwaka huohuo aliozaliwa Tracee ndio ikatoka sinema ya Lady Sings the Blues iliyompa mama uteuzi wa Oscar. Kwa hiyo mtoto kaingia duniani mama yake akiwa kileleni kabisa. Kasoma shule za watoto wa wenye nazo New York, akapelekwa Le Rosey kule Uswisi ambako wanasoma watoto wa wafalme na matajiri, akamalizia Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1994, kasomea maigizo ya jukwaani. Mwanzoni mwa miaka ya 90 katembea kwenye onyesho la mavazi la Thierry Mugler pamoja na mama yake. Baadaye akafanya kazi ya fasheni kwenye magazeti, Mirabella na New York. Hata jina la kazini, Ellis kachukua kwa baba na Ross kwa mama, hakujificha wala hakujifanya katoka familia ya kawaida, na mimi hilo nampendea.

Sasa hapo ndio watu wengi wanaishia, kabebwa, basi. Ila jiulize kabebwa kupelekwa wapi, na jina lenyewe lilimpa nini hasa. Mimi nikiangalia naona kubwa lililompa ni muda. Mwigizaji asiyewaza kodi ya nyumba anaweza kukaa miaka akienda kwenye usaili na kukataliwa na bado kesho yake akaamka akaenda tena, wakati mwenzake mwenye kipaji kilekile mwaka wa pili tu keshaacha karudi kutafuta ajira. Hiyo ni faida kubwa mno na haki ya mtu kuisema ipo. Lakini jina haliwezi kumchekesha mtu. Unaweza kumpeleka mtoto wa staa mbele ya kamera kwa simu moja, sawa, ila mtu kakaa kwenye kochi lake saa mbili usiku kachoka na kazi, huyo hajali mama yako ni nani, kama hachekeshwi anahamisha chaneli. Wahenga walishasema mbebwa hujikaza, na kwenye komedi ya TV unajikaza kila wiki.

Angalia mwanzo wake ulivyokuwa. Mwaka 1996 akatokea kwenye sinema ndogo inaitwa Far Harbor, 1997 akawa mtangazaji wa kipindi cha The Dish kwenye chaneli ya Lifetime, mwaka 2000 akapata kasehemu kwenye sinema ya Hanging Up, na mwaka huohuo akawemo kwenye The Lyricist Lounge Show ya MTV, kile kipindi cha vichekesho vya hiphop. Kitu kidogo hapa, kitu kidogo pale. Huyo ni mtoto wa Diana Ross, miaka sita baada ya kumaliza chuo! Kama jina lingekuwa linafanya kazi yote kama shemeji anavyodhani, si angeshakuwa staa mapema?

Na kuna hoja nyingine ambayo mtu akiniletea habari ya kubebwa huwa namtolea hiyo kwanza. Diana Ross ana watoto watano. Rhonda ndio mkubwa, naye kaigiza na anaimba, halafu Tracee, Chudney, Ross na Evan, na Evan huyo ni mwigizaji pia, anafanya na muziki. Mama mmoja, jina moja, mlango mmoja. Aliyekaa kwenye TV ya Marekani misimu 16 ni mmoja tu. Simaanishi wengine hawana uwezo, hapana, nasema kitu kilichowafanya wawe tofauti hakiwezi kuwa kile wanachofanana.

Tuje kwenye Girlfriends sasa, maana nyie mliomjulia Black-ish mmemkuta katikati ya safari. Girlfriends ilianza tarehe 11 Septemba 2000 kwenye chaneli ya UPN, mwandishi na muanzilishi wake ni Mara Brock Akil, na mmoja wa maprodyuza wakubwa alikuwa Kelsey Grammer, yule wa Frasier. Hadithi ni wanawake wanne weusi marafiki pale Los Angeles. Tracee ni Joan Clayton, mwanasheria, mwenye nyumba nzuri, anayewaweka wenzake pamoja na kuwachosha wenzake kwa wakati mmoja kwa sababu anataka kila kitu kiende anavyotaka yeye. Golden Brooks ni Maya, ambaye mwanzoni ni sekretari wa Joan. Jill Marie Jones ni Toni, dalali wa nyumba anayependa hela na wanaume wenye hela. Persia White ni Lynn, ana digrii kibao na kazi hana. Na Reggie Hayes ni William, mwanaume pekee kwenye kundi.

UPN ilikuwa chaneli ndogo, haikuwa ABC wala NBC, na Jumatatu usiku waliijaza vipindi vya familia na marafiki weusi, Moesha, The Parkers, Girlfriends, baadaye Half & Half. Watazamaji weusi walikuwa wanaziangalia sana ila wale wanaogawa tuzo kubwa walikuwa kama hawajui hiyo chaneli ipo. Tracee kacheza Joan misimu 8, episodi 172, na Emmy haikumteua hata mara moja. NAACP Image Awards, tuzo za chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, ndio walimpa, mwaka 2007 na tena 2009. Hebu lifikirie hilo, mtoto wa Diana Ross, anaongoza kipindi miaka 8, na tuzo kubwa za nchi yake hazimuoni. Jina lilikuwa wapi?

Kazi yenyewe sasa. Girlfriends ilichukuliwa kwa mtindo wa zamani, kamera kadhaa kwa mpigo, seti kama jukwaa, na vicheko unavisikia nyuma. Mtindo huo unataka mwigizaji mkubwa wa mwili, kwa sababu kila kichekesho lazima kifike mpaka mwisho wa chumba. Tracee ana mikono mirefu, miguu mirefu, macho makubwa, na anavitumia vyote. Muangalie Joan akipata habari mbaya akiwa anajifanya yuko sawa. Sura inatabasamu, shingo inakaza, mkono unaanza kutafuta kitu cha kupanga, glasi, mto wa kochi, nywele zake mwenyewe, na sauti inapanda nusu hatua kila sentensi, wewe unajua kabisa anaelekea kulipuka ila yeye hajui bado. Hicho ndicho kitu kigumu kufundisha, mwigizaji kumfanya mtazamaji ajue kabla mhusika hajajua. Wanafunzi wangu wengi wanalipuka mapema, wanataka kicheko cha haraka, yeye anakichelewesha mpaka kinakuja chenyewe. Mwenyewe huwa anawataja Lucille Ball na Carol Burnett kama watu waliomvutia, na ukizijua kazi za hao wawili unaona kabisa katoka wapi, ule ujasiri wa mwanamke mzuri kukubali kuonekana wa ajabu, kudondoka, kukunja uso, bila kuogopa kwamba uzuri wake utaharibika.

Hapo kuna jambo naliamini sana. Mama yake alikuwa malkia wa muziki na kwenye sinema alishateuliwa Oscar kwa kazi ya majonzi. Komedi ya TV ndio sehemu ambayo mama hakuwa na alama yoyote. Tracee kaenda kusimama mahali ambapo hakuna atakayemlinganisha na Diana Ross, maana Diana Ross hajawahi kuangukia kochi kwa ajili ya kicheko. Sijui kama alikaa akapanga hivyo ila ndivyo ilivyotokea, na muziki alikaa nao mbali kwa muda mrefu sana, nitarudi huko.

Mwaka 2006 UPN ikaunganishwa na chaneli nyingine ya WB ikazaliwa The CW, Girlfriends ikahamia huko, na Jill Marie Jones akaondoka baada ya msimu wa sita, urafiki wa Joan na Toni ukavunjika na kipindi hakikuwahi kuwa kilekile, mimi naona hivyo. Halafu ukaja mgomo wa waandishi wa skripti Novemba 2007 mpaka Februari 2008, na Februari hiyohiyo kipindi kikakatwa. Hakikupewa episodi ya kumalizia. Joan kachumbiwa, mchumba wake Aaron kapelekwa vitani Iraq, na hapo hapo stori ikaishia. Miaka 8 ya watu kuwafuatilia hawa wanawake, halafu hata kwaheri hakuna. Mpaka leo inaniuma na najua siko peke yangu.

Sasa mwambie shemeji asikilize hapa. Tracee mwenyewe kaeleza kwenye intavyuu kwamba alidhani baada ya Girlfriends milango ya Hollywood itafunguka, na haikufunguka. Alikuwa na miaka 35. Kilichofuata ni miaka 6 ya kutafuta tena. 2011 akatokea kwenye tamthilia ya upelelezi ya CSI kama mke wa zamani wa mhusika wa Laurence Fishburne, na mwaka huo huo akaanza komedi ya Reed Between the Lines kwenye chaneli ya BET, yeye ni mwanasaikolojia na mume wake ni Malcolm-Jamal Warner, msimu mmoja tu akaondoka ingawa NAACP walimpa tuzo tena. Ni kipindi ambacho waigizaji wengi wa kike, hasa weusi, wanapotea moja kwa moja, wanafika miaka 40 simu hailii tena. Hapo ndio nakubali yale niliyosema mwanzo kuhusu muda, kwamba mtu mwenye akiba anaweza kusubiri, lakini kusubiri peke yake hakukupi kazi, na kipindi kile hakikumletea hata kimoja cha kumrudisha juu mpaka 2014.

Septemba 2014 ndio Black-ish ikaanza ABC, chaneli kubwa, mwandishi Kenya Barris. Tracee ana miaka 41 anapewa Rainbow Johnson, Bow, daktari wa usingizi, yule anayewalaza wagonjwa kabla ya upasuaji, mke wa Dre anayechezwa na Anthony Anderson, watoto kibao. Rainbow ni jina la aliyekuwa mke wa Barris mwenyewe, naye ni daktari wa fani hiyohiyo. Na hapa mtindo umebadilika kabisa, kamera moja, hakuna vicheko vya nyuma, kila sura inachukuliwa karibu, ukifanya yale makubwa ya Joan utaonekana unapayuka. Wengi waliozoea mtindo mmoja wanashindwa kuhamia mwingine. Yeye kashusha kila kitu, kile kichekesho kilichokuwa kinakaa kwenye mikono kikahamia kwenye nyusi na kwenye pumzi, na bado akipewa nafasi ya kucheza kwa mwili mzima anaitumia, kuna namna Bow anacheza muziki sebuleni mwenyewe ambayo ukiiona unajua hiyo ni Girlfriends inapiga hodi.

Kuna kitu alichokuwa anafanya kule kazini ambacho nawasimulia wanafunzi kila mara. Alikuwa anasoma skripti, akikuta Bow yuko kwenye tukio kabeba nguo za kufua au anakatakata mboga, wakati mazungumzo yenyewe hayahusiani na kufua wala kupika, anawauliza waandishi, mbona nimebeba nguo? Kwa sababu Bow ni daktari, na mume yupo hapohapo mikono mitupu. Hakuwa anakataa Bow afue, familia zote zinafua, alikuwa anauliza kwanini ni yeye kila mara bila sababu ya stori. Linaonekana dogo ila fikiria lina maana gani kwa episodi zaidi ya 20 karibu kila msimu, kwa misimu minane. Mke kwenye komedi za TV kwa miaka mingi alikuwa ukuta wa kudundishia mpira, mume anasema kitu cha kuchekesha, mke anakunja uso, basi. Tracee alipigania Bow awe mtu anayechekesha mwenyewe, mwenye makosa yake, mwenye majivuno yake, na wala sio wa kumkunjia mume uso tu.

Kama unataka ushahidi wa episodi moja, tafuta msimu wa nne, episodi ya pili, ya Oktoba 2017, inaitwa Mother Nature. Bow kajifungua mtoto wa tano, DeVante, kabla ya muda kwa sababu ya presha ya ujauzito, na sasa ana sonona ya baada ya kujifungua. Ni daktari, anajua dalili zote, na bado hawezi kujisemea mwenyewe kwamba anaumwa. Muangalie akiwa na mama mkwe wake Ruby anayemwambia mambo ya dawa ni upuuzi, ajikaze tu. Huko kwetu wangapi wameambiwa hivyohivyo, kwamba mwanamke mweusi haumwi moyo, ni uvivu au ni mashetani? Tracee anaicheza chini chini, macho yamechoka, hataki huruma, halafu katikati ya uzito wote huo anakutoa kicheko na hujisikii vibaya kucheka. Dakika kama 21 tu hizo, ukitoa matangazo. Mimi nimeangalia waigizaji wa tamthilia nzito waliopewa saa mbili wakashindwa kufika hapo.

Na episodi zenyewe Black-ish ni 175. Jumlisha na zile 172 za Girlfriends, unapata 347, na zote alikuwa mmoja wa wahusika wakuu, sio mgeni wa kupita. Hiyo ndio hoja yako kubwa kwa shemeji. Mbeleko inambeba mtu mpaka usaili, labda mpaka kipindi cha kwanza, haiwezi kumbeba episodi 347 kwenye chaneli zilizokuwa tayari kumkata siku yoyote, na kweli zilishamkata mara moja.

Swali lako la Emmy. Kateuliwa mwigizaji bora wa kike wa komedi mara tano, 2016, 2017, 2018, 2020 na 2021. Ule wa 2016 ulikuwa wa kihistoria, kwa sababu kabla yake mwanamke mweusi wa mwisho kuteuliwa kwenye kundi hilo alikuwa Phylicia Rashad wa The Cosby Show mwaka 1986, yaani miaka 30. Na aliyewahi kushinda alikuwa mmoja tu, Isabel Sanford wa The Jeffersons, 1981. Baada ya hapo hakuna mpaka Quinta Brunson wa Abbott Elementary alipochukua Januari 2024. Ukiona orodha hiyo swali linageuka, huulizi tena Tracee kakosa nini, unauliza hao wapiga kura walikuwa wanaangalia nini miaka yote hiyo.

Lakini sitaki nikupe jibu la rangi peke yake, kuna jingine la kiufundi ambalo watu hawalisemi. Angalia waliomshinda. 2016 na 2017 ni Julia Louis-Dreyfus wa Veep (naye, mwambie shemeji, katoka ukoo wa matajiri wakubwa wa Kifaransa wa biashara ya nafaka, na hakuna anayesema kabebwa). 2018 ni Rachel Brosnahan, 2020 Catherine O'Hara wa Schitt's Creek, 2021 Jean Smart wa Hacks. Hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye chaneli kubwa za bure za Marekani. HBO, Amazon, na ile ya O'Hara ilitoka Kanada. Vipindi hivyo msimu mmoja una episodi 8, 10, labda 14, muda wa kuandika upo, na vile vya HBO na Amazon matusi yanaruhusiwa, matangazo ya biashara hayakati stori. Black-ish msimu ulikuwa na episodi kama 24, na ABC wana mipaka ya nini kisemwe. Katika 24 lazima zitakuwemo za kawaida, hakuna binadamu anayeandika 24 kali mfululizo, na mpiga kura akilinganisha anaona mmoja kila episodi ni kali na mwingine anapanda na kushuka. Kwangu mimi kubeba 24 kwa mwaka na kubaki unachekesha ni kazi ngumu kuliko 10, ila tuzo hazipimi hivyo.

Golden Globe, tuzo nyingine kubwa ya sinema na TV, alichukua, Januari 2017, akiwa na miaka 44, mwanamke mweusi wa kwanza kwenye kundi lake tangu Debbie Allen mwaka 1983. Pale jukwaani akaitoa kwa wanawake weusi na wa rangi zote ambao hadithi zao huwa hazihesabiwi. Mama yake akalipia tangazo la ukurasa mzima kwenye gazeti kumpongeza, na mimi hilo nalipenda mno, Diana Ross mzima analipia tangazo kama mzazi mwingine yeyote aliyefurahi. Novemba mwaka huohuo Tracee akaongoza sherehe za American Music Awards, usiku ambao mama yake alipewa tuzo ya heshima ya maisha yake yote kwenye muziki.

Hata baada ya hayo yote, Januari 2018 ikaandikwa kwenye vyombo vya habari kwamba analipwa kidogo sana kuliko Anthony Anderson kwenye kipindi kilekile. Anderson alikuwa pia prodyuza mkuu kwa hiyo hesabu haikuwa nyepesi kama watu walivyoifanya, lakini Tracee alijitokeza mtandaoni akasema anataka alipwe kulingana na mchango wake. Mtu mwenye Golden Globe na jina la Ross bado anadai haki yake ya mshahara. Sasa fikiria yule asiye na vyote viwili.

Nilisema nitarudi kwenye muziki. Mwaka 2020 katika sinema ya The High Note, kacheza Grace Davis, mwanamuziki mkubwa ambaye kampuni inataka aimbe nyimbo zake za zamani tu mpaka azeeke. Na kaimba kwa sauti yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 47! Miaka yote hiyo alikuwa na sauti na hakuitoa hadharani, kwa sababu ukiwa mtoto wa Diana Ross ukifungua mdomo kuimba kila mtu duniani ana kipimo tayari. Kasubiri mpaka amejijengea jina lake mahali pengine ndio akaenda kugusa cha mama. Hapo jina lilikuwa mzigo, na watu wa maneno ya kubebwa upande huo hawauoni kabisa.

Biashara yake ya nywele, Pattern, nitaipitia haraka kwa sababu umeuliza uigizaji, ila zina uhusiano. Joan na Bow walivaa nywele zao kwenye TV kila wiki, nywele za kipilipili na za mawimbi, na mashabiki wakawa wanamuuliza anapaka nini. Wazo alikuwa nalo tangu Girlfriends inaisha 2008, akakataliwa sana, bidhaa zikatoka Septemba 2019. Miaka kumi na kitu. Tena Emmy ya 2020 ya utengenezaji nywele ilienda Black-ish kwa episodi ya Hair Day.

Sasa uanzie wapi. Usianze Girlfriends msimu wa kwanza moja kwa moja, utaona nguo za mwaka 2000 na vicheko vya nyuma utachoka kabla hujamfikia. Anza na Mother Nature niliyokutajia. Kisha rudi msimu wa pili wa Black-ish, episodi ya 16, inaitwa Hope, ya Februari 2016. Familia nzima imekaa sebuleni inaangalia habari za polisi na kijana mweusi, na wazazi wanabishana watoto waambiwe nini. Hotuba kubwa kapewa Dre na watu wote wanaikumbuka hiyo, ila wewe muangalie Bow akiwa anamsikiliza mume wake, usimtazame anayeongea. Mpaka pale alikuwa anataka watoto waachiwe matumaini, na unaona sura inavyobadilika bila neno.

Ukitoka hapo ndio uende Girlfriends, msimu wa kwanza mpaka wa sita, usiruke, kwa sababu ugomvi wa Joan na Toni unajengwa pole pole miaka yote hiyo na ukiruka hautakuuma. Msimu wa saba na wa nane angalia kama una muda, ila jiandae kwamba mwisho hamna. Halafu tafuta episodi ya Black-ish ya Oktoba 2019 ambapo wale wenzake watatu, Golden, Persia na Jill Marie, wanatembelea kipindi chake wanakaa meza moja naye. Wanacheza wahusika wengine kabisa, sio Joan na wenzake, lakini waliokuwa wanasubiri tangu 2008 walielewa wamepewa nini. Na hiyo muoneshe shemeji, ila amalize Girlfriends kwanza.